Kilemba na Mkaja

Siku ya tatu tangu kijitabu kipya cha historia kianze kusomwa shuleni, Hamisa alirudi kutoka bombani na ndoo nusu. Hamisa hakuwa mtu wa ndoo nusu. Aliitua uani, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akasimama hapo mpaka mkwewe, Bi Mwanakombo, aliyekuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akainua kichwa.

"Bomba limekatika?"

"Halijakatika, Mama."

"Basi umekatika wewe. Una nini?"

"Watoto wanauliza bei."

"Bei ya nini?"

Hamisa aliitazama ndoo. "Yako, Mama. Wanasema mwenye kilemba na mkanda anampata mtu wa nyumba hii. Na mama zao wapo pale pale, wanacheka kwa kujifunika kanga."

Bi Mwanakombo aliacha kukuna. Alikuwa na miaka sitini na ushei, na Keko nzima ilimjua kwa mambo mawili: ulimi wake na ukungwi wake. Tangu Keko mpaka Temeke, wari wengi waliingia nyumba za waume zao baada ya kupita mikononi mwake. Watu walizoea kumwogopa. Kuchekwa hakukuzoea.

"Mwanabaraka!" aliita. "Mke mwenzangu, hebu njoo!"

Mwanabaraka alitoka ndani taratibu. Alikuwa binti pekee wa Hamisa, mwenye miaka kumi na tisa, amerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, na kwa wiki mbili alikuwa akisaidia kufundisha katika shule ya Temeke. Alikuwa na sauti ndogo. Hata akipiga hodi ungedhani anaomba radhi. Mkononi alikuwa tayari na kijitabu. Alikuwa amekificha chini ya godoro tangu Jumatatu.

"Ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

"Ukanyamaza."

Msichana aliinamisha kichwa.

"Haya, soma. Nimeshachekwa, sasa nataka kujua nachekwa kwa lipi."

Mwanabaraka alifungua ukurasa wa kumi na nne, akasoma kwa sauti iliyokaribia kuzimika:

"Kabla ya serikali kuja, watu wa pwani hawakujua haki wala huruma. Jumbe Mfaume wa Keko alimwuza binti yake wa kumzaa, jina lake Somoe, kwa mfanyabiashara Mwarabu, Thuwaini, kwa bei ya kilemba na mkanda. Msichana alipoulizwa, hakuwa na la kusema. Ndiyo maana ilitulazimu kutawaliwa."

Kuku alidonoa machicha ya nazi yaliyoanguka, na hakuna aliyemfukuza. Somoe alikuwa mama yake Bi Mwanakombo. Thuwaini alikuwa baba yake.

"Mama yangu aliolewa," alisema Bi Mwanakombo polepole. "Aliolewa kwa ngoma siku saba." Halafu akakunja uso, kama mtu aliyetafuna mchanga katika wali. "Hebu rudia pale pa bei."

"Kilemba na mkanda."

"Mkanda? Babu yangu alivaa shuka maisha yake yote. Mkanda alitaka kumfunga nani?"

*

Alasiri ile ile alikuja Bi Hamdiya, mwenye duka la vitambaa Temeke. Binti yake, Samiha, alikuwa ndani mwezi wa pili akingoja harusi, na Bi Mwanakombo ndiye aliyekuwa kungwi wake. Bi Hamdiya alikaa kwenye ncha ya kitanda cha kamba, akasifu nazi, akasifu ua lilivyofagiliwa, akauliza habari za watu ambao hakuwajua.

"Sema, mwanangu," Bi Mwanakombo alimwambia. "Sifa zimekwisha."

"Mie sina neno, Bi Mwanakombo. Wallahi mie sina neno. Ni watu wa bwana harusi. Wanasema labda, kwa sasa, maneno yapoe kwanza. Wamepata mama mwingine, wa Magomeni, atamalizia kumfunda mtoto."

"Kumfunda mwari ni kama kumalizia mchuzi wa mwenzio?"

"Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri. Mtoto wa aliyeuzwa hafundi mtoto wa watu."

Bi Hamdiya alikana kwa mikono miwili, lakini hakukana kwa mdomo. Alipoondoka aliacha kwenye kitanda kanga mpya, jozi nzima, kama pole. Bi Mwanakombo alimwita mjukuu wake, akamwamuru aikimbize kanga ile na kumrudishia mwenyewe kabla hajafika barabarani.

Marijani, mtoto wa Bi Mwanakombo na baba yake Mwanabaraka, aliyasikia yote kutoka karakana yake iliyokuwa mbele ya nyumba. Alikuwa seremala. Madawati ya shule ya Temeke yalitoka kwenye randa yake, na watoto walikuwa wakikisoma kijitabu kile viwiko vyao vikiwa juu ya mbao alizozilainisha yeye. Aliingia uani na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mama, liache. Serikali ikishaandika, imeandika."

"Haijaandika bado, Baba," alisema Mwanabaraka.

Wote walimgeukia, maana hakuwa mtu wa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Uso wake uliwaka, lakini aliendelea.

"Hivi vijitabu ni vya majaribio tu. Jumamosi kamati itakaa pale shuleni, mbele ya wazazi. Ikikipitisha, ndipo kitachapwa kwa shule zote za pwani. Na mwisho wa kitabu wametaja walikopata habari. Wanasema ipo karatasi, na kwamba aliiandika Jumbe Mfaume mwenyewe. Chuoni mwalimu wetu hutuambia, ukiletewa habari ya zamani usiulize kwanza kama ni nzuri au mbaya. Uliza kaandika nani, kwa lugha gani, na imepita mikono mingapi mpaka kukufikia."

"Karatasi hiyo iko wapi?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Mjini, Bibi. Ofisini kwa mwalimu aliyekiandika kitabu."

Bi Mwanakombo alisimama, akakung'uta machicha mapajani. "Kesho nitafutie viatu vyangu."

*

Mwandishi wa kijitabu aliitwa Mwalimu Wilbert. Alikuwa mtu wa bara, mwembamba, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, na hakuwa mtu mbaya. Aliwapokea bibi na mjukuu wake kwa shikamoo, akamvutia Bi Mwanakombo kiti. Kisha akafungua daftari la wageni, kwa kuwa ndiyo kanuni ya ofisi.

"Jina, Bibi?"

"Mwanakombo binti Thuwaini."

"Unakaa?"

"Keko."

Kulikuwa na safu ya tatu. Mwalimu Wilbert hakuuliza. Alilitazama buibui alilovaa bibi, akaandika "Hajui", akausogeza wino. "Weka dole gumba hapa."

"Sijui nini?"

"Kusoma na kuandika, Bibi. Si kitu, wengi hawajui."

"Naandika."

Alichukua kalamu, akaandika jina lake kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu zilizolala sawasawa kama mkeka, alizofundishwa chuo cha Kurani akiwa na miaka saba. Mwalimu Wilbert alitabasamu kwa upole, na upole ule uliuma kuliko kicheko cha bombani.

"Vizuri sana. Lakini hapa wanahesabu herufi za Kizungu tu. Weka na dole, tafadhali."

Bi Mwanakombo aliweka dole. Mwanabaraka alimfuta kidole kwa leso yake mwenyewe, akikisugua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwalimu Wilbert alileta bahasha. Alieleza, kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi yake kwa bidii, kwamba Thuwaini alipofariki karatasi zake za duka zilipelekwa bomani, na hii ilikuwa katikati ya hati za mahindi, shanga na vitambaa. Yeye hakujua herufi za Kiarabu. Karani mmoja wa zama za Mdachi aliinakili kwa herufi za Kizungu. Nakala ile ikafasiriwa Kiingereza. Naye akaitoa kwenye Kiingereza akairudisha Kiswahili kwa ajili ya watoto.

"Kumbe mama yangu kaenda Ulaya akarudi," alisema Bi Mwanakombo, "na maisha yake hakuvuka mto Kizinga. Lete."

Aliishika karatasi karibu na dirisha. Ilikuwa ya hudhurungi, imeliwa na mende pembeni, mistari mitano tu. Midomo yake ilisogea bila sauti. Kisha aliketi, akacheka kidogo, na machozi yakamtoka wakati huo huo.

"Mwanangu, hapa hapana kuuza. Hapa pana kuoza. 'Nimemwoza mwanangu Somoe.' Kamwoza mume! Babu yangu anaandika kwamba kamwoza binti yake kwa Thuwaini. Na huu mkanda wako, soma hapa, ni mkaja. Kilemba cha baba na mkaja wa mama."

Mwalimu Wilbert alivua miwani, akaifuta. Haikuwa mara yake ya kwanza kusikia ukoo ukijitetea.

"Bibi, sikubishii. Nilimwuliza mzee mmoja msomi hapa mjini. Aliniambia herufi hizo hazitofautishi 'o' na 'u'. Kuuza na kuoza huandikwa sawa. Si kweli?"

Bi Mwanakombo aliitazama tena karatasi. Ulikuwa ukweli, naye hakuwa na mazoea ya kuukana ukweli hata ukiwa upande wa adui.

"Ni kweli," alisema.

"Basi. Wewe ni binti yake, lazima usome kuoza. Mwingine atasoma kuuza. Kila ukoo hujisemea vizuri. Historia inataka ushahidi." Alirudisha karatasi kwenye bahasha, lakini mkono wake ulisita. "Jumamosi nitaileta mkutanoni. Mwenye pingamizi atasimama. Ila kanuni ya kamati inasema asimame mtu anayejua kusoma na kuandika."

Macho yake yalianguka juu ya neno "Hajui" katika daftari, kisha juu ya Mwanabaraka. Bi Mwanakombo naye alimgeukia.

*

Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, walimsimamisha Mwanabaraka uani ajaribu kusema. Bi Mwanakombo, amekaa juu ya mbuzi, alijifanya Afisa mwenyekiti, na Marijani alijifanya wazee wa kamati. Msichana alisema "Mabwana na mabibi," akakauka. Alirudia mara nne. Mara ya tano alilia.

"Mwacheni mtoto," alisema Hamisa kutoka jikoni.

"Nimwache?" Bi Mwanakombo alikuwa ameshapandwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na woga ndani. "Nikae mie niitwe kizazi cha mtumwa kwa sababu mjukuu wangu anaona haya? Unajua hilo ni tusi gani? Bora waniite mchawi!"

Mwiko uligonga chungu, ukanyamaza. Hamisa alitoka jikoni taratibu, akakaa chini kwenye mkeka, jambo ambalo hakulifanya mchana mbele ya mkwewe.

"Bibi yangu mie aliuzwa, Mama."

Alijifuta mikono kwa kanga.

"Aliuzwa kweli. Aliletwa kutoka bara mpaka Bagamoyo akiwa mdogo, hata jina lake la kwanza alilisahau. Miaka ishirini niko nyumba hii sijalisema, kwa kuogopa neno hilo hilo ulilolisema sasa."

Marijani aliinama akaokota kipande cha mbao kisichohitaji kuokotwa. Bi Mwanakombo alimtazama mkwe aliyempikia, aliyemwuguza homa, aliyemzalia mjukuu huyu. Mwishowe alishuka kutoka kwenye mbuzi, akakaa naye mkekani, goti kwa goti.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshasamehe. Sikusema ili uniombe radhi. Nasema kwa sababu mtoto anatafuta ushahidi." Hamisa alimgeukia binti yake. "Bibi yangu alinihadithia siku ile. Walimtazama meno. Walimpima urefu. Hakuna aliyemwuliza kitu, Mwanabaraka. Mbuzi huulizwa? Na mama yake hakupewa hata ukambaa wa kufungia kuni. Mama yake hakuwepo hata kuaga."

Mwanabaraka alijifuta machozi kwa kiganja. Alikitwaa kijitabu, akafungua ukurasa wa kumi na nne, akakaa anautazama muda mrefu, kidole chake kikiwa chini ya mstari mmoja.

"Bibi," alisema hatimaye, "kwenye karatasi, hapa wanaposema aliulizwa akakosa la kusema, babu ameandikaje?"

"'Mwenyewe ameulizwa, akanyamaza.'"

"Basi," alisema Mwanabaraka. Sauti yake ilikuwa ndogo vile vile, lakini haikutetemeka.

*

Kamati ilikuwa imemwagiza Marijani alete mabenchi sita. Alileta kumi na moja, mengine yakiwa bado yananuka gundi, akayapanga upande wa nyuma na kuwaita wanawake waliokuwa wamesimama dirishani. "Kaeni," aliwaambia. "Kama tunauzwa, tuuzwe mmekaa."

Darasa lilijaa mpaka mlangoni. Watu walikuja kwa ajili ya Somoe, na wengine walikuja kwa ajili ya ule mstari wa mwisho, maana mwaka ule wa hamsini na tano watu walikuwa wameanza kuulizana wazi wazi, vibarazani na msikitini, ni nani hasa aliyeomba kutawaliwa. Bi Hamdiya alikuwepo, mstari wa tatu, amejitanda ushungi mpaka kidevuni.

Mwenyekiti alikuwa Afisa wa Kiingereza, mtu mrefu, mwenye Kiswahili cha kunyooka kama rula. Alisema kitabu ni zawadi kwa watoto. Alimtaka Mwalimu Wilbert asome somo la saba, lile la Somoe. Lilisomwa. Nyuma, msichana mmoja alicheka kwenye neno "mkanda", akafinywa.

"Kama kuna mtu mwenye neno, aseme," alisema Afisa.

Bi Mwanakombo alimtazama mjukuu wake. Hamisa alitazama mikono yake. Wazee wa kamati walitazama saa ya ukutani.

"Vyema. Kimya ni kukubali."

"Kimya changu si kukubali, Bwana."

Watu waligeuka kutafuta sauti ilikotoka, kwa kuwa ilikuwa ndogo na mwenye kuitoa alikuwa amefichwa na mabega ya watu. Mwanabaraka alisimama. Alishika ukingo wa dawati la baba yake kwa mikono miwili.

"Naitwa Mwanabaraka binti Marijani. Nasoma ualimu. Naomba karatasi ya Jumbe Mfaume isomwe."

"Imeshasomwa," alisema mzee mmoja wa kamati.

"Imesomwa tafsiri ya tafsiri ya nakala, Mzee wangu. Naomba isomwe karatasi. Na humu ndani anayejua kuisoma ni bibi yangu."

Afisa alimwuliza Mwalimu Wilbert jambo kwa Kiingereza. Mwalimu Wilbert alilifungua daftari, akalifunga. "Kanuni..." alianza. Kisha akaitoa karatasi kwenye bahasha, akaipeleka mwenyewe mpaka benchi la nyuma, akampa Bi Mwanakombo kwa mikono miwili.

Bi Mwanakombo hakuhitaji kusimama ili asikike.

"'Mimi Jumbe Mfaume nimemwoza mwanangu Somoe kwa Thuwaini. Mwenyewe ameulizwa, akanyamaza. Nimepokea kilemba, na mama yake amepokea mkaja. Mashahidi wamekula na kuondoka. Mungu awape kheri.'"

"Na neno la kwanza laweza kusomwa 'nimemwuza'," alisema Mwalimu Wilbert. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akiitaka kweli. "Hilo Bibi mwenyewe alilikubali."

"Naye analikubali mpaka leo," alisema Mwanabaraka. Minong'ono ilipita darasani. Marijani alifumba macho. "Herufi ni moja. Kwa hiyo neno hilo tuliweke kando, Mwalimu, lisitusaidie sisi wala ninyi. Tuulize maneno mengine ya karatasi ile ile. Mkaja ni nini?"

Mwalimu Wilbert alisita. "Nguo ya kiunoni. Karani alifasiri mkanda."

"Kina mama," Mwanabaraka aligeukia nyuma, na hapo ndipo alipoona nyuso za bombani zote zikimtazama, "mkaja ni nini?"

Zilijibu sauti kumi kwa pamoja.

"Nguo ya mzazi!"

"Ya kufungia tumbo ukishajifungua!"

"Ndiyo haki ya mama, mtoto wake akiposwa!"

"Wangu mie waliniletea mfupi," alisema bibi mmoja, "nikawarudishia!"

Darasa lilicheka. Mwanabaraka alingoja.

"Mkaja humshukuru mama kwa tumbo lililombeba bibi harusi, kama kilemba kinavyomshukuru baba," alisema. "Nani amenunua mtumwa akamshukuru mama yake? Sikatai kwamba watu waliuzwa hapa pwani. Waliuzwa. Mama yangu mzazi ni mjukuu wa aliyeuzwa, na leo ameniruhusu nilitaje mbele yenu." Mabega ya watu yaligeukia kwa Hamisa, na Hamisa, aliyekuwa akiitazama mikono yake muda wote, aliinua kidevu. "Si aibu yake. Aibu ni ya waliouza na walionunua, na hao waandikwe, kurasa nzima waandikwe. Lakini mama wa aliyeuzwa hakupewa mkaja. Na aliyeuzwa hakuulizwa. Huyu Somoe ameulizwa."

"Akakosa la kusema," alisema Afisa.

"Akanyamaza, Bwana. Kina mama, mwari akiulizwa na walii wake mbele ya mashahidi, akanyamaza, maana yake nini?"

"Kakubali!" Sasa hata wanaume walijibu, na mzee wa kamati aliyekuwa akitazama saa alijibu kwa sauti kuliko wote, akajishika mdomo.

"Kimya cha mwari ni ndiyo yake. Kimya cha watu mkutanoni chaweza kuwa woga tu. Aliyefasiri hakujua vimya viwili hivi, akaona huzuni mahali palipokuwa na haya." Alinyoosha kidole kwenye karatasi. "Hii ni hati ya ndoa. Ilipotea njia ikalala na hati za mahindi."

Mwalimu Wilbert alikuwa amekwisha kaa. Aliifuata tafsiri yake kwa kidole, mstari kwa mstari: kilemba, mkaja, mashahidi wamekula. Kisha akasimama tena, na kila mtu aliona kwamba kusimama kule kulimgharimu.

"Bwana Mwenyekiti, nimekosea. Somo la saba nalifuta."

Wanawake wa benchi la nyuma walipiga vigelegele. Afisa aliinua mkono.

"Tumesikia. Ni neno moja. Neno moja litasahihishwa, na somo litabaki."

"Bwana," alisema Mwanabaraka. Alikuwa ameshaanza kukaa, akasimama tena. "Somo linasema Jumbe alimwuza binti yake, na ndiyo maana ilitulazimu kutawaliwa. Sasa Jumbe hakumwuza. Hiyo 'ndiyo maana' imebaki imesimama juu ya nini?"

Darasa lilitulia kiasi kwamba benchi jipya lilisikika likilia kwenye maungio yake. Afisa alikifungua kijitabu. Alikifunga. Aliwatazama wazee wa kamati, na wazee wakavitazama viatu vyao. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Kimya ni kukubali!" alipaza mtu mlangoni.

Kicheko kilichozuka kilisikika mpaka barabarani. Marijani alicheka akipiga dawati lake mwenyewe kwa kofi, na dawati halikutikisika.

*

Kamati ilifunga mkutano bila kukipitisha kijitabu. Watu walipokuwa wakitoka, Mwalimu Wilbert alimfuata Bi Mwanakombo, daftari la wageni likiwa wazi mkononi. Alikuwa amelikata neno "Hajui" kwa mistari miwili.

"Shikamoo, Bibi. Sijui niandike nini hapa."

"Marahaba. Andika kwamba alimsomea Mwalimu Wilbert."

Mwalimu Wilbert aliandika, neno kwa neno, ingawa safu ilikuwa nyembamba na ikambidi aingie ya jirani. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama herufi zile zingeweza kufundishwa mtu mzima.

"Njoo Keko. Ila uje na mkeka wako, na ukikosea nitakufinya."

Jumatatu, Mwanabaraka aliandika ubaoni kwa chaki neno "alimwoza". Watoto wa shule ya Temeke wakainama juu ya madawati, kila mmoja na penseli yake, wakaifuta "u" moja katika ukurasa wa kumi na nne na kuweka "o". Mstari wa mwisho aliwaambia waukate wote. Walikata kwa nguvu mpaka karatasi nyingine zikatoboka.

Alasiri Bi Hamdiya alikuja. Hakukaa kwenye ncha ya kitanda; alikaa chini, mkekani. Hakusifu nazi wala ua.

"Samiha hataki mama wa Magomeni," alisema. "Analia tangu juzi. Na mie nimekuja na uso huu huu. Bi Mwanakombo, utarudi umfunde mwanangu?"

Bi Mwanakombo aliendelea kukuna nazi. Alimaliza kizio kimoja cha nazi, akachukua cha pili. Hamisa aliingia kutoka bombani na ndoo imejaa mpaka mdomoni, akasimama kusikiliza.

"Bi Mwanakombo," alisema Bi Hamdiya kwa unyonge, "mbona kimya?"

"Si nilidhani mmeshafundishwa maana yake."

Hamisa alicheka, na maji yakamwagika mpaka miguuni.